Foleni ya Paskali na Barua Yenye Muhuri

Wenzangu mliobaki na chumba cha mashine, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Mmenipigia simu mara tatu niandike jinsi kazi yetu ilivyokuwa, kwa kuwa eti mimi nilikuwepo tangu siku mashine zinashushwa kwenye lori. Ni kweli nilikuwepo. Nilikuwa nyuma ya lori nimeshika kamba. Basi naandika, ila mjue niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nusu mwaka nilikuwa machungani. Nitaandika kama ninavyoongea. Mkiona nimetoka njiani nisubirini, nitarudi. Habari za vyeo hamtazikuta, maana cheo changu kilikuwa kimoja toka mwanzo hadi mwisho: mtu wa jenereta.

Kabla ya hapo nilikuwa shamba la ngano, upande wa injini. Zama zile kila kitu cha serikali kilikuwa kinatafutiwa mwenyewe, na shamba letu nalo likapata mwenyewe, sisi tukaambiwa tukae nyumbani tutaitwa. Nilikaa. Nililima maharage kwetu Masakta, nikafuga, nikasubiri kuitwa, mpaka mke wangu akaniuliza kama hao ninaowasubiri wana habari kwamba nawasubiri. Halafu tukakatwa kutoka Arusha tukawa mkoa wa Manyara, na ofisi zikaanza kuota kama uyoga. Mojawapo ilikuwa mradi wetu wa mbegu, pale Katesh, njia ya kwenda Nangwa. Nikaenda kuomba kazi kwa sababu nilisikia wana jenereta na hawana mtu wa kulielewa.

Aliyenipokea ni mkurugenzi, Mama Restituta, mtu wa Mbulu, mrefu, mwenye sauti ya kanisani. Aliniuliza, "Unajua kompyuta?"

"Sijui, Mama. Najua injini ikilia vibaya."

"Kompyuta hazilii."

"Basi hizo ndizo mbaya zaidi," nikamwambia.

Alicheka, akanipa funguo za banda la jenereta. Za chumba cha mashine zilikuja baadaye.

Mashine zilikuwa nne, kuukuu, zimetolewa na watu waliokwisha kuzichoka. Kazi yake ilikuwa kuhesabu. Wakulima wa Balangdalalu, Nangwa, Masakta na kwingine walipanda maharage ya aina nyingi kwenye vipande vya shamba, wakapima debe kwa debe, vipimo vikaletwa ofisini, na mashine zikatafuta aina ipi inafaa udongo upi na mvua ipi. Hesabu nyingine ilichukua nusu saa. Nyingine siku kadhaa. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilimuuliza fundi kama mashine inahesabu kwa vidole.

Fundi alikuwa Zuhura, binti wa mfanyabiashara wa dizeli hapo Katesh. Alisomea kompyuta Arusha akarudi nyumbani. Nawaambia ukweli, kila nilichokijua mle ndani nimefundishwa na msichana aliyekuwa sawa na mwanangu wa tatu, na hakunifundisha kwa kitabu. Alinipeleka kwenye mashine ya kusaga ya jirani.

"Mzee Boay, unaona madebe yale yaliyopangwa?"

"Naona."

"Hiyo ndiyo foleni. Debe lililo kwenye foleni unaweza kuliweka pembeni, na bado lina zamu yake, na mahindi ni ya mwenyewe. Je, lile lililokwisha kumwagwa kwenye mdomo wa mashine?"

"Hilo huliwezi."

"Basi umemaliza chuo. Turudi ofisini."

Kwenye kompyuta aliniandikia maneno manne kwenye kipande cha boksi. Ukiandika `qstat` inakuletea orodha ya kazi, maana hesabu hizo tuliziita kazi, na kila kazi ina namba na herufi yake. Q ipo foleni. R ipo mdomoni mwa mashine. H imewekwa pembeni. Ukitaka kuiweka pembeni unaandika `qhold` na namba. Ukitaka kuiachilia, `qrls` na namba. Neno la nne lilikuwa `qdel`, na hilo alilizungushia wino mwekundu. "Hili ni kumwaga mahindi barabarani," alisema. "Hulihitaji. Nakuonyesha ulijue kama unavyomjua nyoka."

Mwaka wa kwanza huohuo nilimkanyaga nyoka. Nilikuwa nataka kuweka pembeni kazi ya mgeni mmoja wa Mbulu, macho yangu yakashuka mstari mmoja kwenye boksi, nikafuta hesabu ya siku mbili. Alipouliza nilisema umeme uliyumba. Leo nimestaafu, naandika: umeme haukuyumba.

Na jambo jingine la Zuhura. Yeye Kiswahili alikikuta kwao nyumbani. Sisi wengine tulikikuta shuleni, na mimi niliwahi kutoka. Siku moja nilimwambia, "Kazi yangu zote zimekwisha, naenda kula." Akaanguka kwenye kiti kwa kucheka.

"Kazi yako au kazi zako? Ukisema yako, umeacha ajira! Hizi za foleni ni zako, zangu, zake. Ninyi watani wangu mtakuja kuleta balaa kwa herufi moja."

"Si umeelewa lakini?"

"Mimi nimeelewa kwa kuwa nimewazoea."

Hatukubadilika. Hata Mama Restituta, pamoja na usomi wake wote, akiwa na haraka alisema kazi yake zote, kazi ya fulani yote, na dunia ikaendelea kuzunguka. Mpaka masika yale.

Masika yale yalikuja na hasira. Njia ya Singida ilikatika kwenye korongo. Ya Babati malori yalikuwa yamezama kwenye tope jeusi, madereva wanapika ugali pembeni. Mapipa ya baba yake Zuhura yalikuwa yanalia ukiyagonga. Umeme wetu wote ulitoka kwenye jenereta, na dizeli ilikuwa ile iliyomo kwenye tangi letu tu. Mama Restituta alikuwa kikaoni Babati, hawezi kurudi. Zuhura alikuwa Dongobesh kwenye msiba wa shangazi yake. Ofisini tulikuwa watatu: mimi, karani wetu Bwana Eliya, na Paskali.

Paskali alikuwa kijana wa Balangdalalu, bwana shamba, mkataba wake ulikuwa wa majaribio. Kichwa kizuri, mdomo mbaya. Wiki moja kabla alikuwa amejaza foleni kwa hesabu zake ndogondogo sitini na kitu, wengine wakakosa nafasi, na Mama alimgombeza mbele yetu sote kwa habari ya dizeli. Akamalizia hivi: "Ijumaa kamati ya mbegu inakaa. Matokeo yako yakiwa mezani, mkataba unaendelea. Yasipokuwepo, tusilaumiane."

Matokeo aliyoyataka yalikuwa kwenye kazi moja kubwa, namba 380. Ile ilikuwa mdomoni mwa mashine siku ya nane. Tena haikuwa na mahali pa kupumzikia njiani: umeme ukikatika kabla haijafika mwisho, inaanza upya kutoka sifuri. Siku nane nyingine hakuwa nazo. Ilikuwa Jumatano.

Asubuhi ile saa tatu nilichovya kijiti kwenye tangi. Nimechovya vijiti maisha yangu yote, sihitaji saa. Nilipiga hesabu: jenereta kubwa likibeba mashine zote nne, tutafika saa nane mchana, ukilitikisa tangi labda nane na nusu. Nikaenda kumwambia Paskali. Nilimkuta mlangoni mwa chumba cha mashine, ameshika karatasi, midomo imekuwa rangi ya majivu. Bwana Eliya alikuwa amesimama mbele yake, ananinyooshea na mimi karatasi.

Eliya alikuwa mtu mwaminifu. Nalisema kwanza ili msimchukie. Muhuri wa ofisi aliufungia kwenye droo, na funguo ya droo aliivaa shingoni pamoja na rozari. Karatasi ya Paskali ilisema kwamba kwa agizo la Mkurugenzi lililotolewa kwa simu asubuhi hiyo, amesimamishwa kazi hadi Mkurugenzi atakaporudi. Ya kwangu ilikuwa mstari mmoja: Mzee Boay achukue funguo. Zote zina muhuri.

"Amenisimamisha kwa kosa gani?" Paskali aliuliza.

"Netiweki ilikuwa mbaya," Eliya akajibu. "Kosa sikulisikia. Agizo nimelisikia."

"Hukuuliza?"

"Simu ilikatika. Nimepiga mara sita, hapatikani. Mimi si wa kubishana na agizo, ndugu yangu. Mzee Boay, funguo."

Sasa hapa nitasema kitu ambacho ningeweza kukiruka, na hakuna ambaye angejua. Mimi sikuuliza kitu. Nilikumbuka ule ugomvi wa wiki iliyopita, nikasema moyoni, aa, kumbe ndivyo. Nikanyoosha mkono. Paskali aliniangalia kwanza, halafu akaniwekea funguo zake kiganjani. Zilikuwa na joto. Eliya akaondoka zake.

Nilidhani na Paskali ataondoka. Badala yake aliingia ndani, akakaa kwenye kiti mbele ya skrini.

"Paskali, barua inasema..."

"Barua haijasema nisikae."

Akaandika `qstat`. Orodha ikashuka. Namba 380, R. Chini yake tatu ndogo, R, kila moja kwenye mashine yake. Chini ya hizo, thelathini na moja zilizobaki, zote Q, Q, Q, mpaka mwisho wa skrini. Zote jina lake.

"Mzee, shikamoo," alisema bila kugeuka. Tulikuwa tumeshaamkiana asubuhi. Nikajua kijana huyu hayuko sawa.

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Nachukua vyangu."

Akaandika `qdel`, akaacha nafasi, akaandika 380. Akaweka kidole juu ya kile kitufe kikubwa cha kukubali, hakukibonyeza.

Jamani. Mimi nimeona trekta likiserereka kuelekea kwa watu waliokaa wanakula. Sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa kidole kile. Ningemvuta mkono angebonyeza. Ningepiga kelele angebonyeza. Nilivuta debe la dizeli, tupu, nikalikalia kando ya Paskali, kama vile tunasubiri chai.

"Siku nane," nikasema.

"Siku nane za nani? Wakipata hayo matokeo watayapeleka kamati, watasema ni ya mradi. Mimi nitakuwa Balangdalalu nachunga mbuzi wa baba na barua mfukoni. Nitamwambia nini mzee wangu? Ameuza ng'ombe wawili nisome."

"Mwambie ukweli."

"Ukweli upi? Hata sijui kosa langu!" Sasa alikuwa anapaza sauti. "Yeye amesimamisha kazi yangu, sawa. Na mimi nasimamisha kazi zangu. Tuone nani..."

"Rudia," nikamwambia.

"Nini?"

"Ulivyosema. Rudia polepole."

Aliniangalia kama anaangalia mtu aliyepigwa na jua. "Amesimamisha kazi yangu. Nasimamisha kazi zangu."

Nilimsikia Zuhura anacheka kichwani mwangu. Yangu. Zangu. Na wakati huohuo niliona ile karatasi yangu, mstari mmoja, Mzee Boay. Nikajiuliza: tangu lini mkurugenzi akisimamisha mtu anamtaja mtu wa jenereta?

"Toa kidole," nikamwambia. "Nakuomba kama baba yako. Dakika tano. Nikirudi sina la maana, bonyeza, na mimi nitasema umeme uliyumba."

Hilo la mwisho lilimchekesha kidogo bila kutaka. Alitoa kidole. Maneno hakuyafuta, yalibaki pale kwenye skrini.

Sikukimbia, magoti hayakuruhusu, lakini nilitembea vibaya. Eliya alikuwa anatoboa nakala ya barua aiweke kwenye faili.

"Bwana Eliya, Mama alinitaja mimi?"

"Alikutaja."

"Alisemaje? Neno kwa neno. Usinitafsirie."

Alikunja uso akikumbuka. "Alisema, mwambie Mzee Boay... ikakatika... asimamishe... ikakatika... kazi ya Paskali yote, mpaka nirudi. Halafu akasema dizeli. Halafu ikafa kabisa."

"Alisema mimi ndiye nisimamishe?"

"Ndivyo nilivyosikia. Lakini wewe huwezi kumsimamisha mtu kazi, Mzee Boay, wewe ni mtu wa jenereta. Nikajua ni netiweki. Nikaona anataka wewe uchukue funguo."

"Kazi ya Paskali yote," nikarudia. "Eliya, mtu akisimamishwa kazi, anasimamishwa yote au nusu? Anasimamishwa robo? Kwa nini aseme yote?"

Aliacha kutoboa. Nikamwambia, "Ni foleni. Zuhura anajua dizeli ni kidogo, amempigia Mama kutoka huko msibani. Mama anataka hesabu za Paskali zilizo kwenye foleni ziwekwe pembeni. Kazi zake. Hakusema kazi yake. Au amesema, kwa sababu na yeye anaongea kama mimi."

"Huna uhakika," alisema Eliya.

"Sina."

"Basi barua inabaki. Imegongwa muhuri. Naweza kufuta maneno, muhuri siwezi kuufuta."

"Ibaki. Lakini Paskali anakaa chumba cha mashine leo."

"Mtu aliyesimamishwa?"

"Andika kwamba nimeiba funguo," nikasema, nikatoka.

Paskali alikuwa amekaa vilevile. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaangalia dirishani mvua, akasema, "Na kama si hivyo? Kama kweli amenifukuza?"

"Basi utafukuzwa Ijumaa ukiwa na matokeo mkononi. Ni tofauti na kufukuzwa mikono mitupu."

Alisogeza kiti karibu na meza. Halafu alibonyeza kile kitufe cha kurudi nyuma, herufi moja moja, sifuri, nane, tatu, mpaka mstari ukawa mtupu. Nilipumua. Ilikuwa saa nne na robo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hii ndiyo kazi yenyewe na mtaihitaji. Mashine zile tatu ndogo, kila moja ikimaliza debe lake inachukua linalofuata kwenye foleni bila kuuliza mtu. Hivyo huwezi kuzizima, ukizima umeharibu zilizomo. Na usipozizuia hazitapumzika mpaka dizeli iishe, na 380 itakufa pamoja nazo. Njia ni moja: weka pembeni foleni yote. Zilizo mdomoni zimalize zenyewe. Mashine ikibaki tupu, izime. Tukibaki na mashine moja tu, ile ya 380, hatuhitaji jenereta kubwa. Kulikuwa na injini ndogo bandani, ya silinda moja, ya kuzungusha kwa mkono, ilikuja na pampu ya maji, na nilikuwa nimeifunga dinamo ya kutoa umeme. Ile ilikunywa dizeli kama ndege anavyokunywa. Lakini kubeba mashine mbili haikuweza.

Paskali alipiga hesabu: 380 ilihitaji mpaka saa kumi na moja jioni.

Nilitaka aandike yeye, vidole vyake ni vyepesi. Alikataa. "Agizo limekutaja wewe, Mzee. Andika wewe. Nikiandika mimi, kesho watasema niliharibu." Kwa hiyo niliandika mimi, kidole kimoja, yeye anasoma namba nyuma yangu. `qhold` 412. `qhold` 413. Kila baada ya tatu niliandika `qstat`, kuona kama Q imegeuka H. Ya saba niliandika haraka, na nilipotazama nilikuwa nimeandika 380.

"Mzee!"

"Nimeona."

Nilikuwa nimeshabonyeza. Tulitazama orodha wote wawili. 380, R. Bado R. Lililo mdomoni halirudi kwenye debe. Msichana yule alikuwa amesema kweli pale kwenye mashine ya kusaga. Paskali alilishika bega langu, akasoma namba inayofuata.

Saa tano zote thelathini na moja zilikuwa H. Kufika saa tano na nusu mashine ya kwanza ilibaki tupu, tukaizima. Ya pili saa sita kasoro. Ya tatu ilikuwa na hesabu mbishi, ilituweka mpaka saa saba na nusu, na mimi kila robo saa nilikuwa bandani na kijiti. Tope la chini ya tangi lilikuwa limeanza kuonekana kwenye kijiti. Mkiona hivyo hamna muda.

Ilipozimika ya tatu, nilinyonya dizeli kwa mpira kutoka tangi kubwa kuingia kwenye injini ndogo. Ladha yake ninayo mpaka leo, chai ya asubuhi haijawahi kuishinda. Kati ya kuzima kubwa na kuwasha ndogo, mashine ya 380 ingeshikiliwa na sanduku la betri lililounganishwa nayo. Likiwa jipya lilishika dakika kumi. Halikuwa jipya.

"Litashika ngapi?" nilimpigia kelele Paskali kutoka bandani.

"Sijui! Tatu! Labda nne!"

Nilizima kubwa. Kimya kile kilinipiga. Sanduku la betri likaanza kulia chumbani, pii, pii. Nikachomeka mkono wa kuzungushia, nikazungusha. Ikakohoa, ikakataa. Nikazungusha. Ikakataa. Ule mlio ukaanza kwenda haraka. Eliya alitokea kwenye mvua, shati jeupe, tai shingoni. Alishika mkono ule upande wa pili, tukazungusha wawili, na injini ikashika kwa moshi mweusi uliomjaa Eliya uso mzima.

"Mlio umeacha!" Paskali alipiga kelele. "Ipo! Mzee, ipo!"

Eliya alijipangusa na mkono wa shati. "Barua bado iko palepale," alisema, akarudi ofisini.

Saa kumi na moja na dakika chache 380 ilitoka kwenye orodha. Paskali alifungua matokeo, akasoma mstari wa mwisho, akayanakili kwenye flashi mbili, moja akanipa mimi. Kwenye injini ndogo kulikuwa na dizeli ya kujaza bakuli. Nilifikiri atalia au ataruka. Alikaa tu.

Mama Restituta alifika kesho yake mchana, juu ya lori la mahindi, tope mpaka magotini. Eliya alimpokea na faili. Alisoma barua akiwa amesimama, akaisoma tena, akaita, "Eliya! Nilisema kazi zake! Zake! Za kwenye foleni!"

"Mama, mimi nilisikia ya."

Aligeuka kwangu. "Nilisema nini, Mzee Boay?"

"Mama, mimi sikuwa kwenye simu. Lakini Jumatatu ulisema kazi yangu zimenishinda."

Aliweka faili mezani. Kisha akamwambia Eliya aandike haraka barua ya kumrudisha Paskali kazini, Eliya akaiandika, akaipiga muhuri, akampelekea. Paskali hakuipokea.

"Nikipokea ya kurudishwa," alisema, "nimekubali kwamba niliondolewa. Sikuondolewa."

"Sasa unataka niandike nini?" Eliya aliuliza. "Hakuna barua ya kusema jambo halikutokea."

"Basi mtapeleka nyie matokeo kwa kamati kesho. Flashi ipo. Mtayasoma wenyewe."

Hakuna aliyeweza kuyasoma zaidi yake, na kila mtu aliyekuwa mle ndani alilijua hilo. Mama Restituta alimtazama. Nilidhani sasa ndiyo atamsimamisha kweli. Alivuta faili la Eliya, akatoa nakala ya ile barua ya kwanza, akaandika kwa mkono wake juu ya muhuri: Nilikosea kusema. Mtu huyu hakusimamishwa hata saa moja. Akatia sahihi. Eliya alifumba macho kuona wino juu ya muhuri wake.

Paskali aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Halafu akaniuliza mimi, mbele yao, kwa sauti ya kawaida tu: "Na wewe Mzee, uliponyoosha mkono, uliamini?"

"Niliamini," nikasema.

Ijumaa alikwenda kwa kamati, na aina mbili za maharage alizozitaja ndizo mnazozila ninyi leo bila kujua zimetoka wapi. Dizeli ilipofika nilizipitia zile thelathini na moja, `qrls`, `qrls`, nikaziachilia moja moja, na hakuna iliyopoteza zamu yake. Mkataba wake uliendelea. Alikaa nasi miaka mingi, akaniamkia kila asubuhi, akaja kunisaidia kupura maharage Masakta mwaka niliovunjika mguu. Sina la kumlaumu.

Ila kile kiti chake cha mbele ya skrini, ambacho siku zote kilikuwa kimeupa mlango mgongo, Jumatatu ile nilikuta amekigeuza, pamoja na meza na skrini yake, vikatazama mlango. Hakusema kwa nini. Nami tangu siku ile nilibisha hodi kwenye chumba ambacho funguo zake nilikuwa nazo mimi.